Hodi ya Nyuma ya Farasi

Mnisamehe mapema, hii nitaisimulia vibaya. Kazi yangu ni kuchekesha watu ukumbini, na mdomo ukishazoea kuchekesha, hata matangani hauketi. Lakini yaliyompata Obura, jirani yangu hapa mtaani Umoja, ukuta kwa ukuta, nimeyatafutia pa kuchekea nikakosa.

Obura na mkewe Awiti walikuwa na farasi wa kijivu, jina lake Simiti. Kila Jumapili baada ya kanisa walimpeleka kiwanjani, watoto wakapanda, wakazungushwa, wakapigwa picha. Mnyama mkubwa kama lori, moyo wa kuku. Nguo ikipepea kwenye kamba, anaruka. Mwavuli ukifunguliwa, anaruka. Kwaya ikipandisha sauti, anaruka, na hapo hata mimi huruka.

Kwa hivyo Awiti akatunga sheria. Simiti haendewi kutoka nyuma, hata awe amesinzia. Unakuja ubavu wa kushoto, anapokuona, unasema "Hodi." Obura, aliyeshika kamba, anamjibia farasi: "Karibu." Hapo ndipo unamgusa shingo, unapanda, visigino chini, hatamu huzivuti. Akishtuka, usipige kelele. Toa pumzi, ongea naye.

"Mama, kwani farasi ndiye landilodi, tumpigie hodi?" Triza wa duka la kona alimtania.

"Landilodi hapigi hodi, dada. Ndiyo maana akija unatorokea dirishani," Awiti akamjibu.

Hakuna mtoto aliyewahi kuanguka.

Kisha Awiti akaugua kifua, kikammaliza upesi. Walimzika Siaya, nyumbani kwa kina Obura. Mume akarudi peke yake, akawa mtu wa kusimama jikoni ameshika kikombe kisicho chake.

Jumapili aliyorudi kiwanjani jua lilikuwa kali, vijana wakicheza mpira ng'ambo. Obura alikuwa akikaza mkanda wa tandiko aliposikia, polepole, nyuma ya farasi:

"Hodi."

Sauti ya Awiti.

"Karibu," Obura akasema. Mdomo ulijibu wenyewe, kwa mazoea.

Hapakuwa na mtu.

Na Simiti hakuruka. Farasi anayekimbia nguo za kuanikwa alisimama kama kibanda. Sikio moja tu liligeuka nyuma, likabaki huko. Jasho likamtiririka mpaka kwatoni.

Obura akapanda. Visigino chini. Akatoa pumzi. Farasi akaondoka kwa mwendo mzito, mgongo umebonyea, kama aliyebeba wawili. Kisha baridi ikamshika Obura kiunoni, huku na huku. Pale mikono ya anayepakiwa nyuma hushika.

"Awiti?"

"Hodi," akaambiwa sikioni.

Obura akalia huku anacheka.

Muhonja, aliyeimba na Awiti kwaya moja, alikuwa ameketi pembeni ya kiwanja. Alikuja kwa upande wa kushoto, akanyoosha mkono ashike hatamu, akaurudisha haraka kama aliyegusa chuma cha moto. Akanong'ona.

"Shemeji, shuka. Na usiitikie tena."

"Ni Awiti."

"Amekuja upande gani?"

Obura akageuza shingo kutazama mkia. Kisha: "Nyuma."

"Awiti hakumwendea huyu farasi kwa nyuma hata siku moja. Huyo hamjui farasi, shemeji. Anajua sauti tu."

"Najua."

"Basi mbona unamwitikia?"

"Kwa sababu sauti ni yake, Muhonja. Nitaipata wapi nyingine?"

Na akasema tena, taratibu, kama anayemfunika mtoto blanketi: "Karibu."

Tangu siku hiyo Simiti hakushtuka. Watoto walimpasulia baluni chini ya tumbo, hakupepesa jicho. Wazazi wakasifu. Lakini nyuma ya tandiko manyoya yalinyonyoka mahali pawili, kama panapokaa mapaja ya mtu. Daktari wa mifugo alipaka dawa, akapaka tena, kisha akaacha kushika simu.

Mimi kwangu nilikuwa nikisikia ukutani. Hodi. Karibu. Hodi. Karibu. Katikati yake Obura akisimulia siku yake yote, bei ya nyasi, nani amemsalimia, akimsimulia mtu aliyejua neno moja tu. Na alikuwa anakula tena. Alikuwa ananyoa ndevu. Nani angemnyang'anya?

Juzi mchana nilikuwa mbele ya kioo, sabuni shavuni, mlango wazi. Nyuma yangu:

"Hodi."

Kiooni hapakuwa na mtu. Kukawa kimya. Kile kimya cha ukumbi kabla watu hawajacheka.

Mara uani nguo ikapepea kwenye kamba, na Simiti akaruka. Akaruka kama zamani, akalia, akang'oa kigingi. Upande wa pili wa ukuta Obura akaanza kuita. "Awiti?" Sebuleni. "Awiti?" Jikoni. Mlango wa kabati ukafunguliwa. "Awiti, mama?"

Kisha akaja kwangu. Akasimama mlangoni akitazama kochi langu. Mto mmoja ulikuwa umebonyea, unaendelea kubonyea, na hakuna aliyekalia.

"Jirani," akanong'ona, machozi yamefika kidevuni, "nani amemkaribisha?"

Maisha yangu yote watu wamenilipa nisinyamaze. Siku moja tu niliyotakiwa kunyamaza, tena bure, nimeshindwa.