Mstari wa Alhamisi

"Dada, ukikanyaga hapo utaondoka na sakafu yangu!"

Msichana akasimama, mguu mmoja hewani. Korido ya wagonjwa wa nje ilikuwa imefurika asubuhi ile. Foleni ya dirisha la dawa imegongana na foleni ya maabara, mtoto analia, na kengele ya namba inalia kumshinda mtoto. Mbele yake sakafu iling'aa kwa maji na dawa, na katikati ya sakafu alisimama kijana mrefu ameshika dekio. Alivaa kizibao cha rangi ya machungwa, na mikono yake ilikuwa na vikovu vidogovidogo kama mtu aliyenyeshewa na cheche.

"Sakafu yako? Umeinunua lini?"

"Nimeipiga deki mara tatu tangu saa moja. Kwa sheria gani isiwe yangu?"

"Kwa sheria ninazosoma mimi, huo ni uvamizi wa mali ya umma."

"Lo! Kumbe nazungumza na wakili?"

"Nasoma haki jinai, mwaka wa tatu. Makosa, adhabu, na watu wanaozuia wenzao njia."

Kijana alicheka, lakini kicheko kilikatika mapema kuliko alivyotaka. Msichana hakuona. Alikuwa anaitazama fomu ya afya aliyotakiwa kuigongesha mhuri kabla ya kwenda mafunzo kwa vitendo. Gauni lake la kijani lilimkaa kama alishonewa akiwa ndani yake, na kweli alishonewa na mama yake, fundi cherehani aliyemsomesha kwa sare za watoto wa watu.

"Pita pembeni basi, Afande," kijana alisema. "Ukuta haung'ati."

Alipotoka na mhuri, aliacha nyuma namba yake ya simu, ambayo hakukumbuka vizuri alivyoitoa. Jioni ujumbe ukaingia:

*Ulipita koridoni, moyo ukafunga duka,*
*Wateja wako foleni, mwenyewe ametoroka.*

Akajibu: "Kutoroka ni kosa. Kifungu chake nakitafuta."

Hakukipata. Kilichopatikana ni miezi miwili ya simu zilizochemka mpaka zikaunguza masikio. Msichana alimwita Fundi, kwa sababu kila mchana kijana alikuwa karakana akichomelea mageti.

"Na asubuhi je?"

"Asubuhi niko hospitali, mpenzi. Kazi mbili, moyo mmoja."

"Hupumziki?"

"Napumzika sasa hivi. Hebu nisomee tena ile sura uliyoandika."

Naye akamsomea. Utafiti wake ulihusu adhabu ya huduma kwa jamii: mtu aliyekosa, badala ya kufungwa, hupangiwa saa za kufanya kazi ya umma bila malipo. Fundi alisikiliza kwa utulivu uliomfanya msichana amsifu kwa wenzake. "Mwanamume anayesikiliza, jamani, mnampata wapi?"

Ikafika Alhamisi.

"Fundi, nimekwisha!"

"Nani kakufanya nini?"

"Flashi! Nimeiacha chumbani, ng'ambo ya mji, na utafiti wote umo ndani. Natetea saa nne na nusu, na nisipotetea leo sipelekwi mafunzo. Nangoja mwaka mzima! Mama atasema nini?" Kilio kikameza maneno yaliyobaki.

Fundi alitazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro dakika kumi.

"Mwambie mwenzako wa chumba aishike mkononi. Nakuja."

"Kazini watakuruhusu?"

Fundi akalitupia jicho daftari la kusaini.

"Wataniruhusu."

Aliegemeza dekio ukutani, akavua kizibao, akakimbilia bodaboda. Saa nne na dakika ishirini na tano alisimama mlango wa ukumbi, shati limemganda mgongoni, flashi kiganjani. Msichana alitetea, akapongezwa. Hakujua kwamba mtu aliyempenda aliondoka akiwa amebakiza saa mbili kabla ya kusaini kutoka.

Jumatatu msichana akaripoti mafunzoni, ofisi ya uangalizi wa wahalifu. Msimamizi wake alikuwa mwanamama mnene asiye na haraka, aliyeitwa Mama Rula kwa sababu kila alichokiandika daftarini alikipigia mstari chini yake kwa rula, ili mtu asije akaongeza neno.

"Twende ukawaone wetu," alisema. "Leo wako hospitali."

Wetu walikuwa watano, wamepangwa nyuma ya jengo na vizibao vyao vya machungwa. Msichana alianza kutabasamu alipomwona Fundi, akainua mkono ampungie. Ndipo Mama Rula akaanza kuita majina.

Mkono ukashuka peke yake.

"Yule wa mwisho ni fundi mageti," Mama Rula alinong'ona. "Alimvunja mtu taya. Kapewa saa mia tatu badala ya miezi kumi gerezani. Mwezi wa kwanza alikosa siku moja, akaonywa. Alhamisi kaondoka bila kusaini, na hiyo ni ya pili. Akirudishwa kwa hakimu, hakimu ana ruhusa ya kumfunga. Kamhoji, halafu jaza mstari wa Alhamisi kwenye fomu yake ya mahudhurio. Ujaze mwenyewe, mwanangu. Nataka kuona mkono wako."

Walikutana kwenye kamba za kuanikia, shuka nyeupe zikiwapiga mabegani.

"Kwa hiyo ulikuwa unanicheka," msichana alisema.

"Sijakucheka hata siku moja."

"Nakusomea sura nzima ya adhabu, nawe unaitikia 'enhe, enhe,' kama mzee wa baraza! Kumbe unaitumikia!"

"Ningesema nini? 'Habari dada, mimi ni mfungwa wa dekio'?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo!"

"Ungenipa namba?"

"Sijui. Na sitajua kamwe, maana hukuniachia nichague."

Hilo lilimwingia. Fundi akatazama viatu vyake.

"Taya ulimvunjia nini?"

"Penalti."

"Nini?"

"Tulikuwa tunatazama mpira. Yeye akasema si penalti, mimi nikasema ni penalti. Akanicheka, nikampiga." Sauti yake ilikuwa kavu. "Laiti ningekuwa namtetea mama yangu, ningekuwa na hadithi ya kusimulia. Sina. Nina penalti tu, na mtu aliyekula kwa mrija wiki sita."

"Na Alhamisi? Kwa nini hukukataa?"

"Ulikuwa unalia."

Msichana akaiweka kalamu juu ya karatasi. "Nikiandika ulifika..."

"Usithubutu."

"Nikiandika hukufika, unakwenda jela!"

"Andika sikufika. Sitaki kuwa uongo wako wa kwanza kazini. Na wewe usijiweke humo ndani. Mimi siombewi."

"Hicho kiburi bado hakijakutosha? Taya moja haikukufundisha?"

Fundi akageuka, akapotea kati ya shuka.

Jioni Fundi alipiga simu mara saba, msichana hakupokea hata moja. Mwenzake wa chumba, aliyelala kitandani akipaka kucha rangi, alimaliza kesi nzima kwa sentensi moja: "Shoga, andika alifika. Dekio lina mdomo?"

Hilo lilikuwa rahisi. Neno "hakufika" nalo lilikuwa rahisi, tena la kisheria. Angeandika lolote kati ya hayo, angepata alama zake, na mwakani mama yake angeketi mstari wa mbele kumtazama ndani ya joho. Aliwaza hivyo usiku kucha. Asubuhi akaketi mbele ya Mama Rula, akaandika bila kufuta:

*Hakukamilisha siku. Aliondoka saa nne kasoro dakika kumi bila ruhusa, kumpelekea flashi mwanafunzi aliyempigia simu akilia. Mwanafunzi huyo ndiye anayeandika haya. Nina uhusiano naye. Sikujua kwamba anatumikia adhabu, na sikustahili kupewa mstari huu.*

Mama Rula alisoma mara mbili. Akachukua rula, akapiga mstari chini yake.

"Unajua umejifanyia nini?"

"Najua, mama."

"Mafunzo yako yameisha leo. Chuo kitakurudisha mwakani."

"Najua."

"Ungeweza kuandika neno moja tu, mwanangu."

"Lipi, mama? Yote mawili yalikuwa na uongo."

Baada ya siku tisa wakaitwa mahakamani. Mabenchi yalijaa watu waliokuja kwa kesi zao wenyewe. Fundi alisimama kizimbani na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, mashavu yamemwingia ndani. Hakimu, mwanamume mfupi mwenye miwani iliyoteleza puani, aliisoma fomu polepole.

"Aliyeandika haya yupo?"

Msichana akasimama, akaapa.

"Wewe na mshtakiwa mna uhusiano gani?"

"Mheshimiwa, mwacheni," Fundi alidakia, "huyu hausiki na..."

"Nyamaza. Aliyeapa ni yeye." Hakimu akasukuma miwani. "Nasubiri, binti."

Neno "rafiki" lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Tulikuwa wapenzi, mheshimiwa."

"Mlikuwa?"

"Hatujazungumza siku kumi."

"Siulizi ya siku kumi. Leo, ulivyosimama hapo, huyu ni nani wako?"

Akamtazama Fundi. Fundi alikuwa ameshika ukingo wa kizimba kama mtu aliye juu ya ngazi inayotikisika.

"Ni mtu ninayetaka anioe, mheshimiwa. Lakini hajaniuliza. Na mimi nimemkasirikia."

Mabenchi yakaangua kicheko. Karani akainua kalamu, hajui la kufanya.

"Andika," hakimu alimwambia.

"Yote, mheshimiwa?"

"Yote. Ameapa."

Kicheko kikazimika, maana uso wa hakimu haukucheka. Akamgeukia Fundi. "Kuondoka bila ruhusa ni kuondoka bila ruhusa, hata moyo ukiwa ndio uliokutuma. Ungeomba, ungeruhusiwa. Hukuomba kwa sababu hukutaka kuonekana unaomba." Akaifunga fomu. "Lakini kuna mtu amesema kweli juu yako kwa hasara yake. Naongeza saa sitini. Ukirudi hapa mara ya tatu, ulete na godoro."

Nje, kwenye ngazi za mahakama, walisimama wameachana hatua mbili.

"Saa sitini," Fundi alisema.

"Na mimi mwaka mzima."

"Nitakulipa vipi, Afande?"

"Hunilipi. Mimi si faini."

"Yale uliyosema mle ndani..."

"Niliapa."

"Basi na mimi naomba nikuulize..."

"Usiniulize. Nimekwambia nimekasirika."

Simu yake ikaita. Mama. Chuo kilikuwa kimeshatuma barua. Msichana aliitazama simu ikitetemeka kiganjani, kisha akamnyooshea Fundi.

"Ukitaka kuniuliza, anzia hapa."

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

Fundi akafuta kiganja kwenye suruali, akapokea.

"We mtoto!" Sauti ilipasuka, na nyuma yake cherehani ikikimbia. "Eti unarudia mwaka? Umefanya nini huko?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

Alimtazama msichana, naye hakumsaidia hata kwa kope.

"Mimi ndiye sababu, mama. Nilimvunja mtu taya, nikahukumiwa, nikamficha binti yako jambo hilo."

Cherehani ikanyamaza.

"Endelea," ile sauti ikasema.

Msichana akaketi kwenye ngazi, akavuta pindo la sketi kumwachia nafasi. Fundi akaketi, akaendelea.