Kidole Kilichoinuliwa

Jua lilikuwa likizama nyuma ya magenge ya bonde letu la Waipio nilipompelekea Babu Kanoho poi yake, rojo la majimbi yaliyopondwa, na ukulele wangu, kigitaa cha nyuzi nne, begani. Jumapili ningepiga kanisani, na sauti moja bado ilinishinda.

"Umechelewa, bibie. Ulikuwa ukiyabembeleza majimbi yakue?"

"Majimbi husikia, Babu. Kuliko wewe."

Alicheka, akanionyesha tena. Kidole cha pete kwenye uzi wa chini: nyuzi nne zikilia pamoja, sauti iko nyumbani. Ongeza cha shahada kwenye uzi wa pili: sauti yaning'inia, mfano wa mguu ulioinuliwa usiokanyaga. Ondoa cha shahada: imerudi.

"Ining'inize, kisha irudishe. Giza likiingia, usiiache juu kamwe. Wapitao hapa husimama kuingoja. Wakichoka kungoja, humchukua aliyeiacha."

Sikuuliza ni akina nani. Bondeni kwetu kila mtoto awajua: wapiganaji wa kale, washukao baharini na mienge yao. Hawamwachi mtu waliyemkuta njiani, ila mfu mmoja miongoni mwao, wa damu yake, amdai.

Nilipiga. Nikaining'iniza...

Ngoma.

Mbali, juu ya bonde. Du... du... Harufu ya moshi na tope lililooza ikajaa chumbani.

"Lala! Usitazame!"

Babu alijitupa kifudifudi kando ya ukuta, mikono chini ya kifua. Nami nikaanguka, ukulele chini yangu, vidole vimekakamaa nyuzini. Ngoma zikaingia uani.

Zikakoma.

"Umeirudisha?" alinong'ona Babu.

"Bado..."

"Irudishe, mama. Wamesimama."

"Kidole hakitoki, Babu!"

Ubao wa baraza ukalia. Kisha ubao wa ndani. Mtu aliinama juu yangu. Matone baridi yakanidondokea shingoni. Mkono ukapenya chini ya kifua changu, ukakitafuta kidole cha shahada, ukakiinua taratibu. Gumba langu likapita nyuzini.

Sauti ikafika nyumbani.

"Huyu wangu," alisema mwanamke.

Ngoma zikaanza upya, zikateremka kuelekea baharini.

"Ahsante kwa mkono wako, Babu," nililia.

"Kwa lipi?"

Niligeuka. Alikuwa palepale ukutani, mikono ingali chini ya kifua.

"Alikuwa amelowa?" aliuliza.

"Ndiyo."

Alijiinua, akaketi. "Bibi yako alichukuliwa na mto kabla hujazaliwa. Hatukumpata." Akajifuta uso. "Amekuokoa, mjukuu wangu."

"Babu, hakusema ameniokoa. Amesema mimi ni wake."



Jumapili, mchana kweupe, kanisa limejaa, nilifika pale sauti inaponing'inia. Nilikusudia kuishikilia kidogo, watu waionje.

Sikukiinua kidole.

Kiliinuliwa.

Na nilipoushusha ukulele, uzi wa pili ulikuwa umelowa.