Chupa ya Pili ya Saif

Kila asubuhi kabla ya shule, Rufaida aliosha vyombo, akamvisha mdogo wake Saif sare, kisha akamfunga kitambaa shingoni. Kazi hii ya mwisho aliichukia kabisa. Chini ya sikio la Saif palikuwa na uvimbe mkubwa kama yai la kuku, na kitambaa kilikuwa cha kuuficha. Lakini mtaa wa Shauri Moyo una macho.

"Niaje, Saif! Umemeza ndimu ama?" Aloo, mtoto wa jirani, alimkejeli langoni.

"Wewe inakuwasha wapi?" Rufaida alimfokea. Angeachiwa, angemzaba kofi la kukumbukwa. Saif alikuwa na miaka saba tu, na siku chache zilizopita alikuwa amelia hadi sauti ikamkauka.

Alilia kwa sababu daktari alikuwa amekata vipande viwili vya tezi ile iliyovimba, ili ijulikane ni ugonjwa gani. Mama yao, Anisa, alibaki hospitalini akimbembeleza Saif. Bibi yao, Bi Shamsia, na Rufaida walipewa chupa mbili ndogo zenye vipande hivyo wazipeleke maabara iliyo karibu na soko la Muthurwa. Chupa moja ilikuwa na formalini, dawa kali ya kuhifadhi nyama isioze. Ya pili ilikuwa na maji ya chumvi, nayo ilikuwa ya kupimwa kifua kikuu, yaani TB, ambayo hushika hata tezi za shingo.

Bibi hakwenda maabara moja kwa moja. Alipitia nyumbani kwanza.

"Nyama ya binadamu ikikatwa huzikwa," alimwambia Rufaida. "Hiki cha dawa wachukue wao. Hiki kingine ni chetu."

Alikifunga kipande kile kwa kitambaa cheupe, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akakizika kwa dua. Kisha akamkazia macho mjukuu wake. "Mama yako asisikie. Ya nyumbani huishia nyumbani."

Rufaida alinyamaza. Kwao, mtoto hamjibu bibi yake. Maabara walifikisha chupa moja tu.

Sasa, jioni ya siku ile Aloo alipomkejeli Saif, Mama aliingia nyumbani macho yamemwiva. Alikuwa ametoka kwa daktari.

"Wamepoteza chupa ya mwanangu!" alipaza sauti. "Hadubini imeonyesha tezi imeharibika, lakini haijulikani kama ni TB au saratani. Eti Saif akatwe tena! Twendeni. Nyinyi ndio mliozipeleka, mtakuwa mashahidi wangu."

Kule maabara, kijana aliyepokea sampuli, jina lake Muoki, alisikiliza matusi ya Mama mpaka akashindwa kuvumilia.

"Mama, nilipokea chupa moja. Moja tu!"

"Mwongo mkubwa! Mama yangu mzazi aliniambia amezileta zote mbili. Yeye aseme uwongo?"

Msimamizi wa maabara alitoka ofisini, uso umekunjamana. "Muoki, umepoteza sampuli ya mtoto? Kesho usije kazini."

Rufaida alimtazama Bibi. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, akihesabu tasbihi kana kwamba yaliyosemwa hayamhusu. Hasira ikampanda Rufaida. Alimkasirikia Bibi, akajikasirikia zaidi yeye mwenyewe. Saif akatwe tena, na huyu kaka afukuzwe, wao wamesimama tu?

"Haikupotea!" alipasua sauti. "Bibi aliizika! Nilimwona, nikanyamaza!"

Mama aligeuka polepole. "Mama! Ni kweli?"

"Ni mila yetu," Bibi alijibu kwa sauti ndogo.

"Mila haikatai kusema!" Muoki alifoka. "Familia nyingi huomba warudishiwe kilichobaki baada ya kupimwa, wakazike. Sisi huwapa. Ungeniambia tu, Bibi! Lakini ukatazama nikifukuzwa!"

Mama alimwomba Muoki radhi huku machozi yakimtoka, na msimamizi akafuta maneno yake. Kisha Rufaida akauliza, "Kile kipande cha kwenye dawa hakiwezi kupimwa?"

Muoki alishusha pumzi. "Kipo. Tulikigandisha ndani ya nta. Daktari akikubali, tutakata vipande vyembamba kuliko karatasi, tuondoe nta, halafu mashine itafute vinasaba vya kijidudu cha TB. Lakini formalini huvikatakata vinasaba. Mashine isipoona kitu, haitamaanisha kwamba TB haipo, na mtoto atakatwa tena. Kile mlichozika ndicho kingetupa jibu kwa urahisi."

Daktari alikubali. Siku za kungoja zilikuwa chungu. Mama hakusema na Bibi ila salamu, na Rufaida hakutamani hata chai.

Walipoitwa tena maabara, Muoki ndiye aliyewapokea mlangoni. "Imeonekana," alisema. "Ni TB ya tezi. Hakatwi tena."

Daktari wa Saif, aliyekuwa amefika pale, aliwaeleza kwamba TB ya tezi peke yake haiambukizi watu, dawa zake hutolewa bure, na Saif angezimeza kila siku kwa nusu mwaka bila kuruka hata moja. Saif alitaka kujua kama dawa ni tamu.

Bibi alimwendea Muoki. "Nisamehe, mwanangu."

"Nitakusamehe, Bibi. Leo bado nina hasira."

Walipofika nyumbani, Mama alimketisha Rufaida. "Niliambiwa na wazee kwamba mficha maradhi kifo humfichua, na bado nikalea watu wa kuficha. Sikia, mwanangu. Kumheshimu mkubwa si kumfichia kosa. Ukimya wako ulikaribia kumtia mdogo wako kisuni, na mtu asiye na hatia kumnyima kazi. Jambo likigusa uhai wa mtu, sema hapo hapo, hata anayekosea akiwa ni mimi."

"Hata akiwa ni mimi," Bibi alisema kutoka mlangoni.

"Wewe hasa, Mama," Anisa alijibu bila kugeuka.