Huko Juu Hatusifiagi

Mume wangu Edwin ni fundi pikipiki pale Bweri, na ana mdomo mwepesi wa sifa. Akifungua injini ya mtu atasema inaimba. Akila sato kwa jirani atalamba vidole na kumwombea mpishi maisha marefu. Nyumbani kwangu anakula, anachokonoa meno, analala. Siku moja nilimuuliza mboga ikoje. Akajibu, "Si nimemaliza?"

Ndiyo maana siku ile nilikuwa na hasira hata kabla hatujafika Kiriba.

Tulikwenda kuchukua dagaa. Nauza dagaa wakavu, na mzigo wangu naupata kwa shangazi yake Edwin, Shangazi Penina, ambaye nyumba yake iko karibu na ziwa, chini ya kilima cha mawe makubwa. Siku iliyotangulia nilikuwa nimeshinda nikisukwa nywele. Asubuhi nikavaa gauni jipya la kitenge. Edwin akaniangalia toka kichwani hadi miguuni, akasema tairi la nyuma halina upepo.

Tukakuta dagaa bado wameanikwa. Shangazi akatuambia tusubiri jua lipungue ndipo tuwakusanye.

"Basi tupande kilimani," Edwin akasema. "Mama Rhobi hajawahi kuliona ziwa kutoka juu."

"Mama Rhobi amevaa ndala," nikasema. Nilikuwa na njaa pia. Lakini mwenzangu alikuwa ameshatangulia, anapiga mluzi.

Shangazi akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa na magamba ya samaki.

"Mwanangu, huko juu hatusifiagi. Ukiona kitu kizuri, kiseme vibaya. Mimi nikiendaga kuokota kuni nasema kuni mbovu hizi, ziwa baya hili. Halafu nashuka zangu."

"Kwani nani anasikiaga, shangazi?"

Akanikaza mkono. "Na mtu akiwauliza mmeona nini, semeni hamjaona kitu."

Nilipomfikia Edwin nikamweleza. Akacheka mpaka akashika jiwe. "Anatutishaga hivyo toka tukiwa wadogo! Alikuwa hataki tuvunjike miguu."

Tukapanda. Ndala ikakatika katikati ya njia, nikaendelea peku, miiba ikinichoma, na yeye mbele haangalii nyuma hata mara moja. Nilimlaani kimoyomoyo kwa kila jiwe nililolikanyaga.

Tukafika juu.

Sitadanganya, palinyamazisha hasira yangu kwa muda. Ziwa lilikuwa limetandazwa mbele yetu mpaka linagusana na mbingu, na jua likiwa chini, maji yote yalikuwa na rangi ya mawese. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inatoka, taa zao bado hazijawashwa. Huku nyuma yalikuwa mashamba ya mihogo, mabati ya nyumba yakimetameta, ng'ombe wakirudi nyumbani kwa mstari.

"Dah!" Edwin akasema. "Tazama kile kisiwa. Kizuri jamani, kama kimepakwa rangi."

Ko.

Sauti ya jiwe kugongana na jiwe.

Juu ya mwamba, kando yetu, alikuwa amekaa mzee mmoja. Sikumwona tulipofika. Alikuwa amevaa koti la zamani, safi, na kila mkono ameshika kijiwe. Palikuwa na harufu ya udongo uliolowa, ile ya mvua ya kwanza, na mvua ilikuwa haijanyesha muda mrefu.

"Shikamoo, mzee," Edwin akasema.

"Marahaba." Alizungumza taratibu, karibu na kunong'ona. "Na nini tena?"

"Nini?"

"Umeona nini tena... kizuri?"

Edwin ukimuuliza hivyo umemfungulia bomba. Akanyoosha mkono. "Lile dume jeupe kule mbele ya ng'ombe. Ona nundu lile! Mwenye lile dume ni tajiri."

Ko.

Pimbi waliokuwa wakilia kwenye mawe ya chini wakanyamaza.

Nikamvuta shati. Nikamnong'oneza, "Tumeambiwa tusisifie. Twende. Giza litatukuta, na mimi sina viatu. Tushukie upande ule wenye kisiwa, kuna njia nzuri."

"Upande wenye nini?"

"Kisiwa."

"Kisiwa gani?"

Kisiwa kilikuwa palepale, mbele ya pua yake. Nikajua ameanza utani wake. Nikamwambia basi tufuate ng'ombe, tushukie kwa yule dume mweupe. Akakunja uso akiangalia kule. "Dume lipi, Mama Rhobi? Mbona mbele ya wale ng'ombe hakuna kitu?"

Nilichoka. Nilikuwa na miiba miguuni, na mume wangu ananifanyia mchezo mbele ya mtu mzima.

Yule mzee hakuwa akitazama ziwa wala ng'ombe. Alikuwa akitazama mdomo wa Edwin.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, mzee wangu."

Mzee akashusha vijiwe, akajiegemeza kama anayetaka kuinuka aende zake. Tungeshuka. Tungekusanya dagaa, tungerudi Bweri, ningekula na kulala na hasira zangu.

Lakini neno lile lilinichoma. Amemaliza!

"Umemaliza?" nikapiga kelele. "Umesifia kisiwa, umesifia ng'ombe wa watu, umemaliza? Na mimi je? Nimeshinda nasukwa nywele hizi. Hivi mimi hunioni?"

Mzee akakaa tena.

Edwin akageuka. Jua lilikuwa usoni kwangu. Aliniangalia kama hajawahi kuniangalia, taratibu, nywele, macho, gauni, mpaka miguu yangu yenye vumbi na damu. Uso wake ukalainika.

"Mama Rhobi," akasema. "Wewe ndiye mzuri kuliko vyote nilivyoviona huku. Siku zote. Sijui kwa nini nilikuwa sisemi."

Nilifurahi. Nitalisema hilo wazi, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Ko.

Macho yake yakateleza. Yalikuwa juu ya uso wangu, halafu yakawa yanaangalia mawe yaliyo nyuma yangu.

"Mama Rhobi?"

"Nipo."

"Mama Rhobi!"

"Si nipo hapa, Edwin!"

Akaanza kuzunguka akiniita. Alipofika niliposimama akanipisha bila kujua, kama mtu anavyopisha jiwe gizani akiwa ameizoea njia. Nikamshika shavu. Akajipangusa, akadhani ni upepo. Nilipogeuka kumlilia yule mzee, mwamba ulikuwa mtupu. Harufu tu ya udongo ilikuwa imebaki.

Edwin alishuka anakimbia, analia. Nilimfuata peku, sikuhisi hata mwiba mmoja.

Shangazi Penina alinitazama mimi, akamtazama yeye anayelia "mke wangu amepotea," akakaa chini, juu ya dagaa wake.

"Amekusifia," akaninong'oneza.

"Ndiyo. Nifanye nini?"

"Akutukane. Lakini kwa moyo wake, siyo kwa kuambiwa. Baba yangu alilisifiaga shamba lake kutoka hapo juu. Akafa na njaa katikati ya mihogo yake mwenyewe, sisi tunamwonyesha, yeye anaona mchanga. Angelitukana lingerudi. Lakini alikuwa analililia tu, kila siku, shamba langu lilikuwa zuri, shamba langu lilikuwa zuri... Mwishowe hata sisi tukawa hatulioni."

"Na yule mzee ni nani?"

"Alikuwapo kabla yetu," akasema.

Hata hivyo alijaribu. Alimshika Edwin, akamwambia mke wako yuko hapa, mtukane utamwona. Edwin akawaka. "Shangazi, mke wangu yuko huko porini, wewe unataka nimtukane?"

Edwin na majirani wa Shangazi waliwasha tochi, wakatafuta kilima kizima. Nilikaa kwenye pikipiki yetu nikawasubiri. Aliporudi Bweri nilikuwa nyuma yake, nimemkumbatia kiuno, na alilia njia nzima.

Siku za mwanzo majirani waliniona vizuri. Walimhurumia Edwin, wakasema amechanganyikiwa. Tausi, jirani yetu wa mlango wa pili, alimshika mkono akamleta mbele yangu. "Baba Rhobi, si huyu mkeo?" Edwin akaangalia ukuta. Akasema, "Tausi, hukumjua vizuri. Alikuwa mwanamke wa pekee." Akaanza kueleza.

Kila alipoeleza, kuna aliyeacha kuniona.

Nimejaribu kila kitu. Nimemwaga chumvi kwenye mchuzi wake, akaonja, akalia, "Mama Rhobi alikuwa anajua kipimo." Nimevunja sahani anayoipenda. Nimezitupa spana zake chooni, na mtu akizigusa spana zake huwa anamtukana hadi ukoo. Alikaa kizingitini, akasema angekuwepo mke wangu zisingepotea.

Miaka yote nilikuwa na njaa ya maneno haya. Sasa ananishibisha kutwa nzima na kila neno linanizika. Nampigia kelele sikioni: mimi ni mkali! Nina kisirani! Nilikuwa nakunyima mnofu wa samaki nikiwa nimekasirika! Nitukane, Edwin!

Jana Tausi alinipita kisimani. Nilimsalimia. Akaweka ndoo yake miguuni pangu, akachota, akaenda.

Rhobi, mtoto wetu, yuko kwa mama yangu, kule Nyasura, Bunda. Majirani wamemtuma mtu akamchukue, kesho atafika. Sijui kama ataniona. Nimekaa hapa uani tangu mchana, nimevaa gauni lilelile la kitenge, ili nikiwa bado naonekana anitambue haraka.

Wameleta mikeka ya msiba. Wanaume wamemzunguka Edwin, wanamtia moyo, jua linazama. Anaongea juu ya mikono yangu. Anaongea juu ya uji wangu. Kisha akatabasamu kidogo.

"Alikuwa na hasira yule," akasema.

Moyo wangu ukaruka. Nikasogea mpaka magoti yangu yakagusana na yake. Endelea, nikasema. Endelea hapohapo, baba.

"Akikasirika nyumba nzima inatetemeka." Akafuta macho. "Na hata hasira zake... nilizipenda."

Ko.

Sauti ilitoka nyuma ya watu, karibu na ukuta, kulikoanza giza. Harufu ya udongo uliolowa ikajaa uani. Hakuna aliyegeuka. Mtu aliyevaa koti alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, na hakuwa akitazama maiti wala kaburi, maana havikuwapo. Alikuwa akitazama mdomo wa mume wangu.

"Pole sana, baba," akanong'ona. "Na nini tena?"

Nilimziba Edwin mdomo kwa mikono yangu yote miwili. Akajipangusa midomo, kama mtu aliyeguswa na upepo, akavuta pumzi ili aongee.