Zamu ya Mzee

Hivi wewe, ukirudi kutoka kazini ukute runinga inacheza gofu yenyewe na sebuleni hamna mtu, utaizima, au utavuta kiti uangalie?

Fundi wa miwani alivuta kiti. Tusimpambe kwa ujasiri: alikuwa ameshinda akisaga vioo vya watu wasiojua kusema asante, na miguu ilikuwa inamwaka moto. Mchezo wenyewe aliujua. Unashika rimoti ya mchezo kama fimbo, unazungusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki, na kijitu kwenye runinga kinapiga mpira. Ila rimoti ilikuwa imelala mezani, na kijitu kilichokuwa kinajipanga kilikuwa cha baba mkwe wake, kile chenye kitambi na kofia nyekundu, ambacho tangu mazishi hakuna aliyekigusa.

Kijitu kikapiga. Mpira ukaruka. Na ukutani, upande wa chumba cha mzee, kukagongwa: ngo, ngo, ngo.

Ndivyo mzee alivyokuwa akiita, pumu ikimbana na sauti ya kuitia hana.

"Panya," alisema mumewe kutoka mlangoni. Mtaani walimwita Bingwa, kwa mchezo huohuo. Jambo jingine la kumpa sifa lilikuwa bado halijapatikana.

"Panya anagonga, halafu ananyamaza ajibiwe?"

"Na digrii yako yote hiyo, unaamini majini?"

"Mimi sijasema majini, baba watoto. Umeyataja wewe."

Bingwa alichukua rimoti ya runinga akaongeza sauti.

Pengine wangeizoea, watu huzoea hata bomba linalovuja, lakini binti yao wa darasa la pili, ambaye kifua chake hakikuwahi kumsumbua, akaanza kukohoa. Daktari alimpima, akapiga picha, akasema mapafu ni safi. Kila jua lilipozama runinga iliwaka, hata ikichomolewa waya. Sebule ikajaa harufu ya marhamu ya kifua aliyokuwa akijipaka mzee. Kijitu kikapiga, ukuta ukagongwa, na pumzi ya mtoto ikapungua kidogo, kama kuna mtu anaikata kwa mkasi. Bingwa naye kila ukuta ukigongwa aliongeza sauti. Mkewe, ambaye kazi yake ni kuona kasoro ndogo, aliliona hilo. Mtu akisikia kishindo asichokielewa hupunguza sauti asikilize.

Kijitu kilipofika shimo la mwisho, aliitwa shangazi yake Bingwa, dada wa marehemu, mganga wa majini mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Hakufukiza chochote. Aliketi, akamlaza mtoto mapajani, akaitazama runinga kama anayemtazama mgeni asiye na adabu.

"Huyu si kaka yangu," alinong'ona. "Kaka yangu amepumzika. Hili ni jini limevaa kofia yake. Limekuta kitu kimefichwa humu ndani, ndicho linachokula. Mwenyewe akikitaja kwa mdomo wake, litaondoka na njaa yake. Asipokitaja, mpira huo ukiingia shimoni, litaondoka na huyu."

"Shangazi, usimtishe mama watoto."

"Naongea na wewe, baba. Siku ile kaka yangu anakufa, ulikuwa wapi?"

"Dukani. Nilishasema. Nilifuata mkate."

"Na dawa yake ya kuvuta ilikuwa wapi?"

"Hapo. Kwenye meza ya runinga."

Kijitu kikainua fimbo, kikageuza shingo, jambo ambalo vijitu vya mchezo ule havifanyi, kikawatazama, kisha kikausukuma mpira polepole, na mpira ukabiringika juu ya majani huku harufu ya marhamu ikiwakaba koo na mtoto akifungua mdomo asipate cha kuvuta, midomo ikigeuka rangi ya majivu, na ukutani kukaanza kugongwa bila kukoma, sasa kwa kiganja kizima, kwa kucha, kwa mtu anayeteleza kuelekea sakafuni huku bado anagonga, na mkono wa Bingwa, wenyewe tu, kwa mazoea, ukanyooka kuifuata rimoti ya runinga.

Mkewe aliiwahi. Akaikalia.

"Leo tusikilize," alisema.

Mpira ulifika ukingo wa shimo, ukasita. Kijitu kikasubiri. Bingwa alipiga magoti mbele ya binti yake, akamshika miguu, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto mdogo kuliko huyo aliyelala.

"Sikwenda dukani. Nilikuwa hapa. Lilibaki shimo moja nivunje rekodi yake. Nilimsikia akigonga, shangazi. Nikaongeza sauti."