Bibi Aliyengoja Kusalimiwa

Alizeti ilikuwa imekauka vizuri mwaka huo. Kila asubuhi Laurenti alitandaza turubai uani, akamwaga vichwa vya alizeti na kuvipiga kwa fimbo mpaka mbegu zikatoka. Mkewe, Sikudhani, alipepeta kwa ungo. Nyumba yao ipo Iguguno, karibu na barabara kubwa, na maisha yao ni kama ya majirani wengine.

Lakini Jumapili Sikudhani hakushika ungo. Jumapili ilikuwa siku ya simu. Ikifika saa kumi alasiri alikuwa ameshaoga na kujifunga kitenge chake kizuri.

Binti yao, Yasinta, ni muuguzi Uingereza. Ameolewa hukohuko, na ana mtoto wa miaka sita anayeitwa Leah. Sikudhani hajawahi kumshika mtoto huyo hata siku moja. Amemwona kwenye simu tu. Paji la uso ni la bibi yake, na mwanya wa meno ya mbele vilevile. Wanawake wenzake wa Iguguno hulalamika kwamba wajukuu wanawachosha. Sikudhani alikuwa na hamu ya kuchoshwa. Alitamani hata kumfokea mjukuu kwa kumwaga maji ya kunywa.

Simu ikaita.

"Shikamoo, mama," alisema Yasinta.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Leah huyu hapa."

Uso wa Leah ukajaa kwenye kioo cha simu. Sikudhani akakaa wima, akangoja. Mtoto ndiye anayeanza kumsalimia mkubwa, na kwa Sikudhani jambo hilo halikuwa na mjadala. Leah naye akamtazama, kimya. Wakatazamana hivyo mpaka mtoto akachoka na kwenda zake.

Ilikuwa hivyo Jumapili tatu mfululizo. Jumapili ya nne Leah hakuja kabisa.

"Mama, usikasirike," Yasinta alisema kwa sauti ya chini. "Leah amekataa. Anasema bibi hampendi. Anasema unamkodolea macho kama amekosa."

Sikudhani akampa Laurenti simu, akaingia ndani na kulia.

Siku iliyofuata jirani yao, Redempta, alikuja kuwasaidia kazi ya alizeti. Redempta alifundisha Kiingereza shule ya msingi kwa miaka mingi, na sasa amestaafu. Aliyaona macho ya mwenzake yamevimba.

"Mama Yasinta, kuna msiba?"

"Afadhali msiba, mwalimu. Mjukuu wangu anasema simpendi." Akamweleza yote.

"Na wewe ulimwambia nini huyo mtoto?"

"Nimwambie nini, na hata kunisalimia hajanisalimia?"

Redempta alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Mama Yasinta wewe! Mtoto wa huko shikamoo ataijulia wapi? Huko mtoto anangoja mkubwa amchangamkie. Wewe unamngoja yeye, yeye anakungoja wewe. Mtangojana mpaka aolewe!"

"Kwa hiyo nianze mimi? Mtu mzima na mvi zangu?"

"Nikuulize," Redempta akasema, na safari hii hakucheka. "Unataka salamu, au unamtaka mtoto?"

Sikudhani alipepeta mbegu mara mbili, tatu. Makapi yakaruka.

"Namtaka mtoto," akasema.

"Haya. Kiingereza unacho?"

"Cha darasa la saba. Maneno ninayo ninayo. Kuyaunganisha ndiyo kazi."

"Mwambie Leah akusubiri."

Sikudhani akakohoa kidogo. "Leah, wait I."

"Umejitahidi. Sasa sikiliza. Sisi tunamficha mtu ndani ya neno. Tukisema 'nisubiri', mimi nimo humohumo, kwenye 'ni'. Waingereza wanamtoa mtu nje, na mara nyingi wanamtangulizia neno dogo. Wanasema, 'Wait for me.' Hilo 'for' ukiliacha, sentensi inachechemea. Na 'I' haikai nyuma ya neno dogo. Inageuka 'me'."

"Inageuka kwa nini?"

"Ndivyo walivyozoea. Wewe ukitoka shambani kwenda kanisani unabadilisha nguo. Nani amewahi kukuuliza kwa nini?"

Redempta akachota mbegu kwenye kikombe, akamkabidhi Laurenti. "I give it to him. Nampa yeye. Usiseme 'to he'." Akakichukua tena. "I take it from him. Nakichukua kutoka kwake." Akamgeukia Sikudhani. "It is for her. Ni kwa ajili yake huyu mama."

"Leo nimekuwa ubao wa kufundishia," Laurenti alinung'unika, lakini alikuwa anatabasamu.

"Tulia, baba Yasinta, unafundisha vizuri. Haya, mama, nifuatishe. Nyuma ya neno dogo, 'I' inakuwa 'me'. 'He' inakuwa 'him'. 'She' inakuwa 'her'. 'We' inakuwa 'us'. 'They' inakuwa 'them'."

"Na 'you'?"

"'You' haina makuu. Inabaki 'you' popote. Na 'it' vilevile."

"Na hayo maneno madogo nitajuaje ni lipi la wapi?"

"Hapo hakuna njia ya mkato. Lishike pamoja na tendo lake, yakae kichwani kama kitu kimoja. Ukimtaka akusikilize, 'Listen to me'. Ukimtaka akuangalie, 'Look at me'. Ukisema unamfikiria, 'I think about you'. Usiyatenganishe."

Wiki nzima uani kulisikika Kiingereza. Sikudhani alipepeta akisema, "To me, for me, with me." Alimwamuru mumewe, "Come with us!" na Laurenti akauliza hao wengine wako wapi. Akajisahihisha: "Come with me." Jumanne alisema "Listen me" mara nne. Alhamisi "to" ilikaa mahali pake, na haikutoka tena. Redempta alipita kila jioni kumsikiliza, akamsahihisha bila kumcheka.

Usiku, hata hivyo, Sikudhani aliwaza jambo moja tu. Maneno yalikuwa yanakuja. Je, kama mtoto amekwisha kufa moyo?

Jumapili ikafika, na Redempta akaja kuketi naye kwenye benchi. Simu ikaita. Baada ya salamu, Sikudhani alimwambia binti yake, "Mwite Leah. Leo mimi ndiye ninayetaka kuongea naye."

Mtoto alikuja shingo upande, akajificha nyuma ya bega la mama yake. Jicho moja tu lilionekana. Tangu azaliwe Sikudhani hajawahi kumwanza mtoto kwa salamu. Akapiga moyo konde.

"Hello, Leah," akasema. "Look at me."

Jicho la pili likatokea.

"I think about you. Every day, I think about you."

Nakufikiria. Kila siku nakufikiria. Alikuwa ameyasema, na hakuna neno lililoanguka njiani. Leah alitoka taratibu nyuma ya bega.

"Are you talking to me?" aliuliza.

Sikudhani hakuhitaji mkalimani. Mtoto alikuwa anauliza kama anaongea naye yeye, na si mtu mwingine.

"Yes," akajibu, na machozi yakaanza kumtoka. "To you. I wait for you, Leah. Your grandfather and me... we wait for you."

Kwenye benchi, kando yake, Redempta alifungua mdomo ili asahihishe hilo "me" liwe "I". Akaufunga.

Leah akainyakua simu mkononi mwa Yasinta. "She's talking to me," alimwambia mama yake, "not to you!" Anaongea na mimi, si na wewe. Picha ikayumba, mlango ukapita, ngazi zikapita, kisha kikaonekana chumba kidogo chenye kitanda. Mtoto akapanda kitandani na kuisimamisha simu juu ya mto. Akapigapiga godoro kwa kiganja.

"Sit next to me, Bibi."

Neno "next" Sikudhani hakulijua. Lakini "to me" alilisikia, na ule mkono mdogo ulikuwa bado unapigapiga godoro.

Akamsukuma Redempta kidogo kwa kiuno, akasogea, na kuacha kwenye benchi nafasi ya kumtosha mtoto wa miaka sita.