Dereva Amepatikana

Chiriku alipokuwa akirudi kutoka shuleni, mtaa mzima ulijua. Alianza kuzungumza akiwa bado barabarani, akaendelea huku akitupa mkoba kitandani, akaendelea akivua viatu bila kufungua kamba, na alipofika jikoni kuchungulia sufuria, hadithi ya siku nzima ilikuwa bado iko njiani. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo la ndege mwenye kelele, na hakuna aliyelipinga.

Sehemu moja tu ya nyumba ilimfunga mdomo, nayo ni chumba cha mbele.

Kilikuwa chumba cha babu. Babu aliendesha malori tangu ujana wake hadi mgongo ulipokataa, na watu walikuwa wameshasahau jina alilopewa na wazazi wake. "Dereva yupo?" wageni waliuliza. "Dereva kalala," bibi aliwajibu. Babu alipofariki, kofia yake ilibaki kwenye msumari. Kiti chake kilibaki na bonde pale alipozoea kukaa. Kompyuta yake kuukuu, aliyotazamia ramani za barabara za zamani, ilifunikwa kitambaa cheupe, na mtu akipita kwa haraka angedhani kuna mtu ameinama chini yake.

Chumba kilikuwa na mlango wa barabarani, kwa hiyo mama yake Chiriku alimwomba bibi akigeuze kuwa duka la kuchapa. Bibi alikubali shingo upande. "Baba yako hakupenda chumba chake kuchezewa," alisema. "Kofia isiguswe. Na mtoto asiingie kuchezea mashine."

Kabla ya hapo mama alikuwa akifua mashuka katika hoteli. Aliondoka kabla jogoo hajawika na kurudi mikono imechubuka kwa sabuni. Jioni alikwenda darasani kujifunza kompyuta, akisinzia na kuamka, mpaka akapata cheti. Sasa alikuwa na kompyuta mpya ya mkononi, printa aliyoinunua mkono wa pili, na kazi moja ya kweli. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alitaka mitihani ichapwe. "Kesho asubuhi nikiikuta tayari, kazi za mwaka mzima ni zako," alimwambia. "Nisipoikuta, mama, mimi nina watoto wanaosubiri mtihani. Nitatafuta mtu mwingine."

Mchana ule mvua ilinyesha bila kupumzika, na chumba cha mbele kikawa na giza la saa kumi na mbili. Mama alichomeka waya wa printa kwenye kompyuta mpya. Kompyuta ikalia kidogo, ikafikiri, ikaleta maneno ya Kiingereza.

"Inasemaje?" aliuliza bibi, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake cha chai.

Mama alisoma, akatafsiri polepole. "Inasema haioni dereva."

Bibi alitua kikombe. "Haya. Hata mashine inajua kwamba hayupo."

"Si dereva huyo, mama." Lakini sauti yake ilipungua nguvu mwishoni. Alijaribu tena. Kompyuta ilimtaka aweke sidii, ile sahani ya programu, na haikuwa na tundu la sidii. Ikamtaka apakue dereva kwenye mtandao, na mtandao kwa mvua ile ulikuwa ukitambaa kama konokono. Ikamwambia azime na kuwasha. Akazima, akawasha. Dereva hayupo.

Mama alitazama kile kitambaa cheupe kwa muda. Kisha akakivuta.

Chiriku alikuwa amesimama kando ya kiti cha babu, na hakuwa amesema neno tangu aingie.

"Umekuwaje leo?" bibi alimuuliza. "Ukiona chiriku kanyamaza, ujue paka yuko karibu."

"Nimechoka tu, bibi."

Kompyuta ya babu iliamka kwa mngurumo mzito, kama lori linalopandisha mlima. Mjomba wake Chiriku ndiye aliyeiwekea mfumo wa bure wa kuiendesha, unaozungumza Kiswahili, kwa kuwa babu hakusoma Kiingereza. Mama akaingiza waya wa printa. Hakuombwa sidii, hakuombwa mtandao, hakuulizwa lolote. Kwenye kioo yakatokea maneno mawili, na mama akayasoma kwa sauti kabla hajayafikiria:

"Dereva amepatikana."

Mvua ilisikika zaidi. Ndipo printa, ambayo hakuna mtu aliyeiamuru kitu, ikawasha taa yake ya kijani. Ikavuta pumzi. Ikanyakua karatasi moja juu ya rundo na kuanza kuitema taratibu, mstari kwa mstari.

Kwanza ilitokea kofia. Ilikuwa kofia ileile iliyoning'inia ukutani nyuma yao, na mkunjo wake wa upande wa kushoto. Likafuata paji la uso. Zikafuata nyusi nzito zilizokutana katikati.

"Mama," mama yake Chiriku alimwita bibi kwa sauti ya kitoto. "Mama, njoo uone."

Yakatokea macho.

Mama aling'oa waya wa umeme ukutani. Printa ikakata roho, karatasi ikiwa nusu ndani nusu nje, na babu akabaki akiwatazama juu ya ukingo wa mashine kama mtu anayechungulia dirishani.

Bibi hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa kiti cha babu hakuthubutu kukikalia, akajifunika uso kwa ncha ya khanga. "Nilisema hakupenda," alinong'ona. "Nilisema, mwanangu."

Mama alimgeukia binti yake. "Chiriku. Uligusa kompyuta hii?"

"Mimi?" Sauti ilimtoka nyembamba. "Hapana, mama."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Kumbe kwenye mlango wa barabarani alikuwa amesimama msichana wa nyumba ya pili, aliyejikinga mvua. Walikuwa wakimwita Redio, kwa sababu habari ikimfikia imefika kote. "Jamani, yale macho yamenitazama mimi," alisema. "Chiriku, babu yako amerudi kuendesha printa?"

"Nyamaza wewe!"

"Mimi ninyamaze? Haya, naenda kumwambia mama." Akaingia mvuani akikimbia, viatu mkononi.

Bibi alikwisha kuamua. Chumba kifungwe, mashine zitolewe, duka liishe. Mama hakubisha. Yote aliyofundishwa darasani yalikuwa yamemtoka kichwani, maana uso ule ulikuwa wa baba yake mzazi, na hakuutarajia. Akafunga mlango wa chumba kwa ufunguo, akauweka ufunguo mfukoni.

Nyumba ilinyamaza. Chiriku alijilaza na mto juu ya kichwa, lakini mto haukuzuia kitu. Kila alipofumba macho alisikia printa ikivuta pumzi. Alijua jambo moja ambalo wengine hawakulijua, ila hata yeye hakuwa na uhakika nalo. Alikuwa ameizima kompyuta ile kwa mikono yake mwenyewe. Kitu kilichozimwa kinakumbukaje? Labda bibi alisema kweli. Labda babu alimwona siku ile, na sasa alikuja kumsema.

Alipotoka nje ya chumba chake alimkuta mama sebuleni. Mama alikuwa amelitoa gauni la bluu kwenye sanduku, lile la kufulia hotelini, na alikuwa akilipiga pasi. Hakuwa akilia. Alipitisha pasi kwenye kola, akarudia, akarudia tena, ingawa kola ilikwisha kunyooka.

"Mama, unarudi kule?"

"Kazi ni kazi, kipenzi changu. Tutakula nini, cheti?"

Chiriku alimsogelea.

"Mama, ni mimi."

Pasi ilisimama.

"Siku mliyokwenda zahanati na bibi. Niliingia kule. Nilianza kusahau pua ya babu ilivyokuwa, mama. Nilikumbuka kofia na macho yake, pua ikawa haiji. Nikajua picha yake imo kwenye kompyuta. Nikachomeka printa, ikaandika Dereva amepatikana, nikaogopa sana, lakini nikabonyeza chapa. Haikutoa kitu. Taa nyekundu tu. Nikabonyeza tena na tena, mpaka kidole kikauma. Kisha nikang'oa waya, nikazima, nikakimbia. Nilidhani ukizima inasahau."

Mama akaiweka pasi kando. Kisha uso wake ukabadilika, kama mtu aliyepapasa gizani na mkono ukagusa swichi.

"Foleni," alisema. "Ee Mungu wangu, foleni! Mama! Njoo, tafadhali."

Waliingia wote watatu chumbani, bibi akiwa wa mwisho, ameshika mwiko. Mama aliiwasha kompyuta ya babu, printa ikiwa bado imezimwa, akafungua kidirisha kidogo kioo kilipotulia. Humo mlikuwa na mistari iliyofuatana kama watu kisimani: *picha ya babu, inasubiri, picha ya babu, inasubiri, picha ya babu, inasubiri.*

"Printa haikuwa na karatasi siku ile," mama alieleza. "Ndiyo maana ya taa nyekundu. Kazi isiyochapwa hukaa foleni, na kuzima hakuiondoi. Leo nimeweka karatasi, nimechomeka waya, mashine ikaendelea pale ilipoachia." Alihesabu mistari kwa kidole, akashindwa kujizuia, akacheka huku machozi yanamtoka. "Wewe mtoto, ulitaka kubandika babu mtaa mzima?"

"Na huyo dereva?" aliuliza bibi. Mwiko ulikuwa bado uko juu.

"Kila kompyuta ina mfumo endeshi, mama, ndio mwenye nyumba. Printa ni mgeni mwenye lugha yake, na anahitaji mkalimani. Huyo mkalimani ndiye wanayemwita dereva. Mfumo wa kompyuta yangu mpya humtafuta nje, na leo mvua imemzuia njiani. Huu wa baba umekuja na madereva wengi tumboni. Ukichomeka waya tu, unamwamsha anayefaa."

"Basi ya babu ni bora!" Chiriku alisema. Sauti ilikuwa imemrudia.

"Subiri. Usiisifu mvua kabla haijakatika."

Mama akafuta mistari yote, akabakiza mmoja. Akachomoa taratibu ile karatasi yenye macho, akawasha printa. Ikavuta pumzi, na Chiriku akamshika bibi khanga. Kofia, paji la uso, nyusi, macho. Safari hii hakuna aliyeikatiza. Ikaja pua, pana na yenye kovu dogo ubavuni, na chini yake tabasamu la mtu aliyekula vizuri na ana safari mbele.

"Ndiyo," bibi alisema. Akauweka mwiko chini. "Ndiyo pua yake hiyo."

Kisha mama akaihamishia mitihani kwenye kompyuta ya babu, nayo ikaanza kutoka, ukurasa kwa ukurasa, hadi rundo likamfikia Chiriku kiunoni. Mvua ilipokatika, mtandao ukarudi, na kompyuta mpya ikampata dereva wake. Hapo mama akajaribu kuiingiza picha ya karatasi kwenye kompyuta kwa kile kioo cha kunakilia kilicho juu ya printa. Kompyuta mpya ilifanya mara moja. Ya babu haikukiona kioo hicho kabisa.

"Umeona?" mama alisema. "Hakuna mwenye yote."

Akamvuta binti yake karibu. "Sikiliza. Kugusa ulichokatazwa lilikuwa kosa, na nitakupa adhabu yake: utafagia chumba hiki mpaka mwezi uishe. Lakini lile halikututisha. Kilichotutisha ni ile 'hapana' yako. Kosa likisemwa linabaki kosa. Likifichwa linageuka zimwi, linaingia nyumbani mwa watu, linamliza bibi na kunitolea gauni sandukuni. Sawa?"

"Sawa, mama."

Asubuhi mwalimu mkuu aliyachukua makaratasi yake, akayapekua, akaacha mezani fungu la kwanza la kazi za mwaka mzima. Redio alipita akichungulia kwa shingo ndefu, akakaribishwa aje aone foleni ni nini, naye akaenda kuitangaza hiyo pia.

Picha ya babu ilibandikwa chini ya kofia. Na kila mama alipoiwasha kompyuta ile kuukuu, na yale maneno mawili yakatokea, bibi aliinua uso kutoka kwenye chai yake.

"Haya, Dereva," alimwambia. "Endesha polepole. Kuna watoto."